Jikoni Hakuna Mtu

Jiko la kanisa liliegemezwa kwenye ukuta wa madhabahu kwa upande wa nje: bati juu, matofali pande mbili, upepo pande mbili. Spika zilielekezwa barabarani ili wapita njia waokoke, kwa hiyo mahubiri yalifika jikoni yakiwa yamezunguka jengo zima na kuangusha nusu ya maneno kwenye kona. Wapishi walisikia mwanzo wa kila hadithi. Mwisho haukuwafikia, kwa sababu mwisho wa hadithi ndiyo saa ya kupalia wali makaa.

Jumapili hiyo kulikuwa na masufuria makubwa motoni, kuni mbichi, na gunia la kabichi ambalo hakuna aliyetaka kulianza. Mpishi mkuu alivaa aproni iliyokuwa zamani pazia la ofisi ya kanisa. Watu walimwita Mama Mwiko, kwa sababu ya mwiko wake uliomfika kifuani na kwa namna alivyoutumia kuwaonyesha mlango wanaume waliokuja kuonja. Alikuwa amelipikia kanisa hilo tangu lilipokuwa turubai. Harusi alipika, misiba alipika, semina za vijana na wageni wa Injili wote walipita mikononi mwake. Kichwani alikuwa na mianzo mingi: mtu mmoja alikuwa akisafiri kwenda Yeriko, mwanamke mmoja alipoteza shilingi yake, baba mmoja alikuwa na wana wawili. Waliishia wapi hakujua. Aliwaombea tu, akiamini walifika salama.

Mchungaji alikuwa shemeji yake, kwani alimwoa mdogo wake. Mama Mwiko ndiye aliyemlea mdogo huyo baada ya wazazi kufariki, akipika kwenye shule ya bweni ili mtoto asome kwenye shule hiyohiyo. Sasa mtoto alikuwa Mama Mchungaji, mwenye kiti chake mbele kabisa, kitambaa cheupe mkononi, akiitikia amina mahali panapotakiwa.

Ombi la Mama Mwiko kwa kamati lilikuwa moja, na alilirudia kila alipopata nafasi. Chakula kipikwe Jumamosi, au wanaume washike zamu, au watu waende kula makwao, ili wapishi nao waingie ibadani. Kamati haikukataa wala haikukubali. Mchungaji alijibu kwa mahubiri. Alisoma habari za wale dada wawili waliompokea Bwana nyumbani kwao, mmoja akaketi miguuni pake kusikiliza, mwingine akahangaika na vyombo, akalalamika, akaambiwa kwamba mwenzake ndiye aliyechagua vema. Hapo Mchungaji alitoa mafunzo matatu kwa waamini: sikia kabla ya kutenda, kazi isikuibie ibada, na usimshitaki ndugu yako kwa Bwana. Akimaliza alifunga Biblia na kumtuma mtu akaulize kama chakula kiko tayari.

Siku hiyo askofu alikuwa amekuja kumpima Mchungaji kama anafaa kupewa kanisa kubwa la katikati ya mji. Wote walijua kwamba vitapimwa vitu viwili, mahubiri na chakula.

Jikoni sauti ya spika ikaja imechoka, lakini maneno "dada wawili" yalisikika.

"Leo tena," akasema Bibi Vitunguu. Huyo alikuwa mzee kuliko wapishi wote, na alikuwa amekata vitunguu miaka mingi mpaka vikaacha kumliza.

Ndipo mwanamke mmoja akaingia kwa geti la nyuma, miguu ina vumbi hadi magotini. Akawasalimia, akakunja mikono ya nguo yake na kuuliza visu viko wapi. Mama Mwiko akamwonyesha kwa kidevu. Mgeni akavuta gunia la kabichi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kukata, nyembambanyembamba, bila kuangalia vidole.

"Mkono huo una shule," akasema Bibi Vitunguu. "Unatoka mtaa gani, mwenzetu?"

"Mbali. Nimesikia natajwa."

"Unatajwa wapi?"

Mgeni akaelekeza ncha ya kisu kwenye ukuta. "Humo ndani. Mimi ndiye yule wa jikoni."

Mama Mwiko akageuza wali upande wa pili. Moshi ukabadilisha njia, watu wakasogea. "Dada mkubwa wa ile nyumba," akasema.

"Ndiye mimi. Mniite Dada tu, jina langu limechoka kutajwa." Akaeleza kwamba popote anapohubiriwa hulazimika kufika. Jumapili nyingine huhubiriwa katika makanisa mengi kwa mpigo, akawa na kazi ya kugawanyika. Kote aendako hukuta wanaume wanamsema ndani na vyombo vichafu nje, kwa hiyo huanza na vyombo.

"Pole," akasema Bibi Vitunguu. "Lakini ukimaliza kabichi, karoti ziko kwenye lile karai."

Wakaendelea na kazi. Kila mmoja alikuwa na swali lake, ila Mama Mwiko ndiye aliyeliuliza la wote. "Siku ile ilikuwaje hasa? Maana sisi hatujawahi kuusikia mwisho."

Mgeni akafuta kisu kwenye nguo yake. "Waliingia wengi, mwenzangu. Hawasemi hilo. Wanahubiri kama vile alikuja peke yake. Alikuja na wanafunzi wake wote, wametembea tangu asubuhi, wana njaa ya barabarani. Mdogo wangu akaenda kukaa. Mimi nikaungua mkono na sufuria, nikatoka nikasema niliyoyasema. Akanikemea, ni kweli. Kwa upole lakini alinikemea."

"Halafu?"

"Halafu akaniambia nami nikae. Nikakaa, moto ukazimika. Alipomaliza kusema, akasimama yeye mwenyewe akauliza unga uko wapi. Wote wakashika kazi. Mmoja akaenda kuteka maji, mwingine akapepeta, na mwenye kalamu kati yao akatumwa kuni." Akarudi kwenye kabichi. "Ndiyo maana haikuandikwa."

Ndani, Mchungaji alikuwa amefika funzo la kwanza, na spika ikaleta neno "sikia," ikalirudia.

Mama Mwiko alifikiria miaka yake yote pale, wali wake wote, mianzo yake yote. Akainama akachomoa kuni moja baada ya nyingine na kuzichovya kwenye ndoo ya maji. Zililalamika, zikanyamaza. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Bibi Vitunguu alinawa mikono, akanusa vidole, akanawa tena.

"Hivi hivi na aproni?" akauliza.

"Hivi hivi."

Waliingia kwa mlango mkuu, wapishi wote na mgeni katikati yao, wakinuka vitunguu na moshi. Viti vilikuwa vimejaa. Wakapita katikati mpaka mbele, wakaketi sakafuni chini ya mimbari, miguu wameikunja upande. Mama Mwiko alikaa karibu na viatu vya mdogo wake. Viatu hivyo vilirudi nyuma kidogo.

Mchungaji alisita, akanywa maji, akaendelea na funzo la pili. Askofu aliangalia saa.

Katibu wa kanisa akaja kwa kunyata, ameinama kama mtu anayepita mbele ya sinema. "Mama Mwiko, jikoni kuna nani?"

"Jikoni hakuna mtu."

"Na chakula?"

"Katibu, mchungaji anafundisha. Kaa chini usikie."

Mama Mchungaji akainama mpaka mdomo wake ukagusa kitambaa cha kichwa cha dada yake. "Dada, leo siyo siku ya mambo haya. Unaniaibisha."

"Nipishe kidogo na hiyo miguu, mdogo wangu. Sioni."

Mchungaji akafunga Biblia, kidole kikiwa ndani yake. Akauliza kwa sauti ya ukarimu ni nani yule mama mgeni, ili kanisa limkaribishe. Mgeni akasimama. Alisema yeye ndiye anayesemwa. Waamini wakafungua kurasa, wakamtafuta, wakampata, wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akauliza ni mshirika wa kanisa gani, na kama amekuja kwa matembezi au amehamia.

"Nina neno moja," akasema mgeni. "Aliniambia nikae. Hakuniambia niwapikie waliokaa."

Akaketi. Feni ya darini iliendelea kulia. Mahali fulani nyuma mwanamke akasema amina, akafuatwa na mwingine, halafu sauti zikaisha.

"Tunamshukuru dada yetu kwa ushuhuda," akasema Mchungaji. "Tuingie kwenye funzo la tatu."

Aliingia na hakutoka. Alijua kwamba nje ya mahubiri hakuna chakula, kwa hiyo aliyarefusha akitumaini wapishi watachoka. Aliongeza funzo la nne. Akapitia Mwanzo, akazunguka kwa manabii. Watoto walilala, matumbo ya wazee yakaanza kujibizana, na Askofu akaondoa saa yake mkononi akaitia mfukoni. Mama Mwiko alisikiliza yote, mikono juu ya magoti, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Mengine yalikuwa mazuri. Mengine, aligundua, yalikuwa maneno yaleyale yamegeuzwa upande wa pili, na kwa kugeuza yeye alikuwa fundi, hakudanganyika. Amina ilipofika, alikuwa ameisikia habari nzima kwa mara ya kwanza maishani, na alitamani nyingine.

"Sasa, mama," Mchungaji akamwambia kwa sauti ya chini, akishuka, "simameni mtuokoe. Askofu ana njaa."

"Nimekaa, shemeji," akasema Mama Mwiko. "Mafiga yako palepale, kiberiti kiko juu ya dirisha. Hata wewe una mikono."

Wazee wa kanisa wakaenda jikoni na suti zao. Walikiona kiberiti lakini kuni zilikuwa zimelowa. Walifunua sufuria wakakuta wali mbichi juu, umeungua chini, wakaufunika tena kwa heshima. Askofu alipewa soda na ndizi. Alipiga picha na watu kwenye ngazi.

Mama Mwiko alipokwenda kuchukua mwiko wake, alimkuta mdogo wake amechuchumaa mbele ya mafiga na viatu vyake vya kisigino, anapuliza makaa machache yaliyobaki hai chini ya majivu. Machozi yalimchuruzika, na rangi ya macho ilikuwa imefika mashavuni.

"Ungeniambia tu, dada," akasema bila kugeuka.

"Nilikuambia. Mara ya kwanza ulikuwa unanyonyesha kitindamimba wako."

"Nilidhani unapenda kupika."

"Napenda kupika. Hukuniona nikipenda? Sipendi kukosa." Mama Mwiko akachuchumaa karibu naye, akaondoa kuni mbili zilizobana hewa. "Pulizia chini, siyo juu. Nilikufundisha hilo ukiwa mdogo."

Mama Mchungaji akapulizia chini. Ulimi mdogo wa moto ukatokea. Alitaka kusema kitu, na Mama Mwiko alisubiri akiseme. Lakini Mchungaji aliita kutoka kwenye ngazi, kwamba Askofu anataka picha na familia. Mama Mchungaji akasimama, akajifuta uso kwa kile kitambaa cheupe, akaenda. Nyuma yake moto ukafifia taratibu.

Kamati ilikutana wiki hiyo. Hakuna aliyebisha kwamba mgeni ni yule wa kwenye Injili; katibu alisema kabichi lenyewe lilikuwa ushahidi. Kilichojadiliwa kwa kirefu ni zamu yake. Likapitishwa azimio kwamba, kwa kuwa dada huyo ana uzoefu wa muda mrefu, atapika sikukuu zote na kila ziara ya askofu. Mama Mwiko na wenzake waliondolewa jikoni kwa utovu wa nidhamu, na kazi wakapewa mabinti wa kwaya. Mchungaji alipata kanisa la katikati ya mji. Askofu aliandika kwamba mtu anayeweza kuwashikilia watu wenye njaa kwa muda wote ule ana karama. Mama Mchungaji aliondoka na mumewe kwenye gari la mizigo, amebeba saa ya ukutani mapajani, na alipunga mkono mpaka kona.

Mchungaji mpya alikuwa kijana mpole. Sikukuu yake ya kwanza alihubiri juu ya wale dada wawili.

Mgeni alifika kwa zamu yake. Aliingia kwa geti la nyuma, akapita jikoni bila kukunja nguo, akaenda kukaa mbele karibu na Mama Mwiko na Bibi Vitunguu, ambao hawakuwa wamekosa ibada hata moja. Wakasalimiana kwa kugusana magoti. Harufu ya moshi iliingia kupitia madirisha ya madhabahuni, na mchungaji mpya alikohoa, akaomba radhi, akaanza.

Mama Mwiko alisimama. Alitoka kwa mlango wa pembeni, akauzunguka ukuta. Mabinti wa kwaya walikuwa wameinama juu ya masufuria na sare zao, macho mekundu.

"Mama, chai bado haijachemka," akasema mmoja, akidhani ametumwa kuulizia.

"Iache," akasema Mama Mwiko. Akachukua jagi akamwaga maji motoni, polepole, mpaka mwisho. "Naweni mikono. Kuna nafasi mbele."

Jumapili iliyofuata katibu alikuwa ameleta wengine, akina mama waliohamia mtaani juzijuzi na wasiojua habari yoyote. Mama Mwiko aliwasalimia mmoja mmoja, akawauliza habari za watoto wao, akasifia upishi wao, kisha akauliza maji yako wapi.