Lumbesa Kumi

Mimi hasira zangu zipo karibu, sifichi. Siku ile shemeji yangu Loth alipogusa kibandiko cha mlangoni mwa pikapu yangu, nilimfokea mbele ya watu.

"Shemeji, imeandikwa mwisho kilo elfu moja," alisema. "Na humo dereva na abiria wanahesabiwa."

"Gunia ni kilo mia. Nimepakia kumi. Kumi mara mia ngapi, mwalimu?"

"Lakini hizi ni lumbesa."

Zilikuwa lumbesa kweli. Kule vijijini, ndani zaidi ya mji wa Laela, nilikuwa nanunua mahindi kwa gunia, na simkubalii mkulima mpaka aongeze kilemba juu na kukishonea kamba. Laela mjini nauza kwa kilo. Kwa hiyo wakati wa kununua nilijua fika kwamba gunia langu limepita mia. Wakati wa kupakia, lilikuwa gunia tu. Miaka tisa nimeendesha kwa hesabu hiyo, na gari halikuwahi kunisuta.

Dada yangu Edith, mke wa Loth, alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Nesi wa zahanati alisema mtoto amelala vibaya, awahishwe hospitali Sumbawanga. Gari kijijini lilikuwa langu peke yake.

"Tushushe mahindi, shemeji, nakuomba," Loth akasema.

"Kwenye mvua hii? Yakilowa utayanunua wewe? Laela iko njiani, tutashusha dakika kumi. Panda bwana, unatuchelewesha!"

Akapanda juu ya magunia na turubai lake. Edith alikaa mbele na mimi, ameng'ang'ania dashibodi. Usukani ulikuwa mwepesi, mbele kumeinuka kwa uzito wa nyuma. Niliona. Nikaendelea kuendesha.

Kwenye mteremko wa kijito tulidumbukia shimoni, springi ya nyuma ikakatika. Bodi ikalalia tairi, gari likagoma kabisa. Ndipo tukashusha. Magunia yote kumi, mimi na Loth, tukiyabwaga kwenye tope, na Edith ndani akiniita, "Kaka! Kaka, twende!" Mungu wangu, nililia huku nashusha. Lakini springi iliyokatika haijali kwamba mzigo umeshuka.

Tulikaa pale kwa muda wa karibu saa tatu mpaka lori la mbao likapita. Hospitali walimpasua haraka, wakamwokoa yeye. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshafariki. Daktari aliuliza tumechelewa wapi. Loth aliangalia sakafu, hakunitaja. Afadhali angenipiga.

Siku ya tatu niliyafuata yale mahindi kwa gari la kukodi, nikayapeleka mizani, si kwa kuuza, yalishaanza kuvunda. Nilitaka kujua tu. Hata ukitoa maji ya mvua, hakuna gunia lililopungua kilo mia thelathini. Ongeza watu watatu, mmoja na mimba yake.

Nikaenda wodini nimwambie Edith ukweli. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilimkuta amekaa kitandani, kanga imelowa kifuani kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Akanishika mkono kabla sijafungua mdomo.

"Pole kaka," akasema. "Umeharibu gari lako kwa ajili yangu."

Nikamjibu, "Nimeshapoa, mdogo wangu."