Mlio Kutoka Chemchemi

Saa tatu ilishapita, na ukungu wa kijiji cha Daudi bado ulikuwa umelalia paa. Natalia alisimama mlangoni mwa zizi, kamba ya ndama mkononi. Mkwe wake Lucia, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa amekwenda chemchemini tangu alfajiri, hajarudi.

Ndipo mlio ukapanda kutoka bondeni, mzito, kama kitu kinavutwa matopeni. Ukakatika.

"Umesikia?"

"Fisi," alisema mwanawe Basili, katekista, bila kuacha kukamua. "Amechelewa kulala."

"Fisi gani wa saa tatu? Huyo ni mwenye maji, pepo wa chemchemi. Nilimwambia Lucia, mwenye mimba hachoti kabla ukungu haujainuka."

"Mama, hayo ni ya kina babu. Mke wangu yuko kwa jirani Scolastica, wanapiga soga."

"Si uende ukamwangalie?"

"Nimalize ng'ombe huyu."

Natalia naye hakusogea. Mwenye maji akikasirika hafuatwi, huombwa kwa mbali. Ndivyo alivyolelewa, na ubatizo haukumtoa hilo.

Mlio ukaja tena. Ukapanda, ukashuka. Kimya. Ukarudi. Natalia alikuwa amezalisha nusu ya kijiji kabla zahanati haijajengwa. Akajikuta anahesabu, kama kwa mwenye uchungu wa uzazi, na pumzi yake inafuata.

"Basili, acha maziwa. Huyo ni mkeo."

Waliteremka mbio. Njia nzima Natalia alikuwa akisali Salamu Maria na kumwomba radhi mwenye maji kwa zamu, maana hakujua nani alikuwa karibu zaidi.

Lucia alikuwa amelala ukingoni, mguu mmoja majini, khanga imelowa damu.

"Kuna kitu kilinishika mguu," alinong'ona. "Nikaanguka."

"Ni mzizi," alisema Basili.

"Nyamazeni," alisema Natalia. "Basili, mshike mabega."

Mtoto alitoka mdogo kama gunzi, rangi ya jivu, kimya. Natalia alimpangusa kinywa, akampulizia. Kimya. Akampulizia tena, midomo yake mwenyewe imekufa ganzi kwa hofu. Kifua kile kidogo kikatikisika, kikatoa kilio chembamba.

Basili alikuwa amezamisha mkono majini, anapapasa. Hakukuwa na mzizi.

"Utakuwa umekatika," alisema.

Natalia alimtia mtoto kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, akajifunga shuka.

"Kimbia ukatafute pikipiki, tuwafikishe hospitali."

Basili alipanda kinyumenyume, macho kwenye maji, hatua nyingi kabla ya kugeuka na kukimbia.