Lori ni la Kumi na Moja

Kile kidude kiliwekwa barabarani wiki ya kwanza ya mavuno ya nyanya, pale malori yanapopanda kuingia barabara kuu, katikati ya majani makavu. Kilikuwa sanduku la njano lililosimama kwa miguu mitatu, na mrija mrefu umechungulia lami kama shingo. Hapakuwa na askari wala kibanda, wala mtu wa kumsalimia au kumtukana. Lori linapita, kidude kinanusa moshi wake, kinapiga picha ya namba, basi. Madereva wa mji wa Mendota, California, walikiita Tumbusi, kwa sababu hakina haraka.

Eleuterio Zaragoza, ambaye watu wote wa huko wanamjua kwa jina la Teyo, alikuwa akikipita mara nane kwa siku, matela mawili ya nyanya nyuma yake, na kila mara alikipungia mkono.

"Nusa, baba, nusa," alikuwa akikiambia. "Kwangu umechelewa."

Alikuwa na sababu ya kuringa. Lori lake la zamani, jekundu, la mwaka tisini na nane, aliliendesha miaka ishirini na mbili mpaka serikali ya California ilipokataa kulipatia leseni. Injini ya dizeli ya kabla ya elfu mbili na kumi haitembei tena, walisema, mapafu ya watoto yameharibika. Wenzake waliandamana na kupiga honi mbele ya ofisi. Teyo hakuandamana. Alimuuzia lile jekundu mtu wa ng'ambo ya mpaka, akauza na kipande cha shamba nyuma ya nyumba, akanunua hili jeupe kwa Fidencio Arreguín.

Na Fidencio si mtu baki. Ni kompadre wake, ndiye aliyemshika Yesenia, binti yake Teyo, kwenye maji ya ubatizo, na tangu siku ile wawili hao hawajaitana kwa majina. Kule kwao mtu anaweza kumkagua kakake wa damu. Kompadre hakaguliwi. Ukifungua boneti ya gari la kompadre wako na kuanza kupapasa na tochi, umemwambia kwamba ni mwizi, na mkeo naye hataweza tena kumtazama mke wake kanisani. Kwa hiyo Teyo alilizunguka lile lori mara moja, akapiga tairi teke, akauliza swali moja tu.

"La mwaka gani, kompadre?"

Fidencio aliinua mkono. "Naapa kwa maji ya Yesenia. Lori ni la kumi na moja."

Elfu mbili na kumi na moja, ndani ya sheria. Ila Teyo aliona halina tangi dogo la yale maji ya kusafishia moshi, ambalo malori mapya mengi yanalo. Fidencio akamwambia aina hii haitumii. Ni kweli, zipo zisizotumia. Yakaisha hapo.

Barua ya serikali ilifika Jumatatu. Ofelia, mkewe, ndiye aliyeifungua, akaisoma huku anakohoa, kwa sababu Agosti ile milima ilikuwa inaungua, moshi umeshuka bondeni na jua limekuwa kama kaa la moto tangu asubuhi. Miaka yote aliyofungasha matikiti kando ya barabara ya malori ilikuwa imemwachia kifua kibovu.

"Mzee, wanasema lori lako linatoa uchafu. Mkaguzi alione ndani ya siku thelathini."

"Lipi? Jekundu? Hilo wakalitafute Sonora, ng'ambo ya mpaka."

"Wameweka picha. Jeupe. Hata kofia yako inaonekana, na mkono umeuinua kama mwehu."

Teyo aliicheka ile picha. Lakini kwenye kiwanda cha nyanya, pale getini, tayari walikuwa wanadai cheti cha mkaguzi kabla lori halijapita na nyanya, na asiye na cheti anageuzwa na mzigo wake ukitiririka maji kwenye jua. Msimu ni wiki kumi. Akikosa hizo, hana cha kungoja tena mwaka mzima, na kipande cha shamba kimeshakwenda.

Siku ya pili alilipeleka kwa fundi, Gurtej Singh wa mji jirani wa Kerman, aliyemtengenezea lile jekundu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Mkaguzi angekuja Alhamisi. Teyo alitaka injini ioshwe ing'ae, mkaguzi asipate la kusema.

Gurtej aliingia chini ya boneti na mpira wa mvuke. Baada ya muda akauzima.

"Mzee Teyo, nani aliipaka rangi hii injini?"

"Kompadre. Aliipamba kama bibi harusi. Kwani vipi?"

"Bibi harusi wako ana ushungi. Njoo."

Juu ya kifuniko cha injini, chini ya rangi nyeusi iliyoanza kubanduka kwa mvuke, palikuwa na kibati cha ukubwa wa kiganja. Gurtej alikifuta kwa kitambaa, akakifuta tena, kisha akasogea pembeni. Teyo alivaa miwani. Maandishi yalikuwa mengi na madogo, ila mwaka ulikuwa mkubwa wa kutosha. Elfu mbili na tisa.

"Hapana. Lori ni la kumi na moja. Kadi hii hapa."

"Lori, ndiyo. Wanaounda malori walikuwa wamebakiwa na injini za zamani, wakazitia kwenye magari mapya. Serikali haiulizi lori la mwaka gani, mzee. Inauliza injini."

"Wewe ulijua?"

"Kila fundi anajua. Ungelileta kwangu kabla hujanunua, ningekuonyesha kwa dakika mbili." Gurtej aliufuta mkono wake kwenye ovaroli, taratibu, kidole kwa kidole. "Mimi leo nimeosha gari tu. Sijaona kitu. Lakini Alhamisi atakuja mtu mwenye tochi."

Teyo aliendesha mpaka kwa Fidencio bila kuwasha redio. Kilomita arobaini, na njia nzima akirudia kiapo kile mdomoni, neno kwa neno, akitafuta uongo ulipo. Hakuupata. Lori ni la kumi na moja.

Alimkuta kompadre wake uani, amepanda ngazi fupi, kichwa ndani ya boneti ya lori jingine jeupe, ndugu pacha wa lake. Mkononi ana brashi. Chini kuna kopo la rangi nyeusi.

"Kompadre! Umekula? Mke wangu amefunga maharage kwenye chapati za tortila, zipo kwenye ndoo."

"Injini ni ya tisa, kompadre."

Brashi ilisimama. Fidencio hakugeuka mara moja.

"Uliniuliza lori."

"Uliapa kwa maji ya mtoto wangu."

"Na nilisema kweli. Kuna neno moja pale la uongo? Niambie, nishuke nikupigie magoti." Sasa aligeuka, na uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Ulikuwa wa mtu aliyechoka. "Na mimi niliuziwa hivihivi. Manne, kwa mkupuo, na mtu wa kwetu kabisa. Ningeyafanya nini? Nifugie kuku?"

Alishuka, akaingia bandani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya gazeti. Kibati. Maandishi yaleyale, nembo ileile, ila mwaka elfu mbili na kumi.

"Kuna mtu mjini Fresno anavitengeneza. Ribiti nne tu. Mkaguzi anamulika, anasoma, anaenda zake."

"Na ile namba iliyochongwa kwenye injini yenyewe?"

"Iko nyuma, ina masizi. Nani atainama huko na joto hili?"

Teyo alikuwa bado hajakigusa kibati simu yake ilipolia. Alikuwa Abundio, mdogo wake Ofelia, aliyekuwa na lori kuukuu la bluu ambalo nalo serikali ilikwisha kulikataa.

"Shemeji! Upo wapi? Bwana, nimeliuza lile bluu, nalipeleka kwa aliyelinunua sasa hivi, halafu nakuja kwa kompadre wako. Ananiwekea jeupe kama lako. Sasa wewe unalo, niambie kiume. La mwaka gani lile?"

Fidencio alisikia. Sauti ya Abundio siku zote ni ya kuitia ng'ombe. Fidencio alikishika kile kibati kwa ncha za vidole, akakinyoosha kuelekea kwa Teyo, na rangi mbichi ikadondoka kutoka kwenye brashi, tone moja, kiatuni.

"Shemeji? Unanisikia?"

Teyo alikipokea kibati. Kilikuwa na joto la bandani.

"Lori ni la kumi na moja," alisema.

"Basi! Nilitaka nisikie kwako tu. Msalimie dada."

Alikitia kibati mfukoni mwa shati, akapanda lori lake. Hawakuagana. Njiani, karibu na mifereji, lile bluu likatokea mbele, Abundio kichwa nje ya dirisha, akapiga honi mara tatu kama mtu anayekwenda harusini. Teyo aliinua mkono. Angeweza kusimama. Mguu wake ulishagusa breki, na malori yote mawili yalipunguza mwendo kidogo, mpaka la bluu likapita.

Alipofika penye kupandia barabara kuu alijiandaa kwa Tumbusi, akaondoa mguu kwenye mafuta ili moshi upungue. Hakikuwepo. Kwenye majani makavu palibaki matundu matatu ya miguu yake. Kimehamishwa, na wapi, nani ajuaye. Mbele moshi wa milima ulikuwa umekula barabara, huoni mita mia mbili. Teyo alishusha kioo, akatoa kichwa kuitazama ekzosi yake mwenyewe, kisha akaendesha polepole, akikodolea macho kila kichaka na kila nguzo, mkono mmoja ukiwa umekiziba kile kibati kifuani kisigonge.