Chumba Kilicho Chini ya Bafu

Wewe unayesoma hapa, usijifanye mgeni. Ulikuwa ngazini siku ile Fundi alipotoka kwenye fleti ya chini bega limelowa. Alikutazama, nawe ukainama kana kwamba kamba za viatu zimefunguka. Ulikuwa umevaa ndala. Ni wewe yule yule uliyekaa kimya lifti ilipokufa, ukakaa kimya mlinzi alipofukuzwa kwa kosa la mwingine. Basi leo utasikiliza, upende usipende.

Fundi ni mshona nguo. Amepanga jengo la jirani na lenu, lisilo na lifti, juu kabisa, yeye na mama yake, na nyonga ya mama imekwisha. Kumshusha kulihitaji watu wawili na kiti. Kumpandisha kulihitaji watu hao hao na roho ngumu, maana alilia njia nzima. Mwisho mama akakataa kushuka. Akawa mtu wa dirishani.

"Siku hizi watu nawajua kwa vipara vyao," alisema, na Fundi akacheka mpaka akalazimika kwenda jikoni kujifuta uso.

Kwa hiyo Mwalimu mstaafu wa jengo lenu aliposema anauza fleti yake ya chini ili ahamie kwa binti yake, Fundi hakulala kwa furaha. Chumba cha nyuma kilipata jua la asubuhi, na mlango ulitokea uani moja kwa moja. Mama angetoka mwenyewe, kwa mkongojo wake, akawaone watu nyuso.

Ila Fundi alilelewa kwamba haendi mtu kwa watu bila taarifa. Kila alipotaka kuiona fleti alipiga simu kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu. Nikipita mchana nitakusumbua?"

"Marahaba, mwanangu. Pita tu."

Adabu yake ndiyo mliyomkamatia. Jengo lenu lina desturi: mtu akiuza, anagonga bomba la ngazini kwa ufunguo, na nyumba zote zinajua mnunuzi yuko njiani. Redio zinazimwa, watoto wanaitwa ndani, na wa juu wanafunga maji. Mnaita ujirani mwema. Kila mmoja anajua iko siku naye atauza.

Fundi akasimama katika chumba cha mama yake mtarajiwa, akasikiliza. Kimya. Yeye aliyezoea jirani wa kugonga ukuta na muziki wa kutwa, alitaka kupiga magoti.

"Kumetulia hapa, Mwalimu."

"Watu wa juu ni wastaarabu sana," Mwalimu akasema, akiikwepa dari kwa macho. Ilikuwa imepakwa rangi juzi. Fundi akaona ni ukarimu.

Walipokwisha kupatana bei, akakumbuka hajapima madirisha. Alitaka pazia liwe tayari kabla mama hajaingia. Akachukua futi yake ya kupimia, akapita bila simu. Ni hapo tu, dakika moja. Mlango ulikuwa wazi. Akapanda kiti chumbani, akanyoosha futi, tone likamwangukia begani. Likafuata jingine, la uvuguvugu, lina povu la sabuni. Juu mtu alikuwa anaoga na kuimba.

Mwalimu akaingia na beseni. Alipomwona, alilikumbatia kama mtu aliyefumaniwa na kuku wa jirani.

"Ah. Leo hukupiga simu."

"Hilo beseni la nini, Mwalimu?"

"Panavuja kidogo. Wakioga tu."

"Wanaoga saa ngapi?"

"Wako wengi, mwanangu."

Wakapanda juu. Mama Pacha akafungua, taulo kichwani, uso wote tabasamu. "Jirani mpya! Karibu!" Mumewe akaja nyuma yake, akasikiliza, akauliza, "Dari ni ya nani? Ya Mwalimu. Basi Mwalimu atengeneze."

"Bomba limo ndani ya sakafu yako, Baba Pacha."

"Na juu ya sakafu kuna vigae. Nimepanga mwenyewe, kwa magoti haya. Duka lenyewe lilishafungwa. Mkivunja, mtanirudishia vipi?"

"Gharama zote nitabeba mimi," Fundi akasema.

"Dada yangu, siyo gharama. Ni vigae."

"Anavipenda kunishinda mimi," Mama Pacha akasema. "Wageni wanavua viatu, yeye anavua na soksi!"

Wote wakacheka. Fundi naye akacheka, kwa heshima. Kicheko kikaisha, mlango ukafungwa.

Fundi akaleta mtu wa mabomba. Alipogonga dari, kipande cha zege kikadondoka kama mkate mkavu. Nondo ndani zilikuwa kutu tupu. Bila kufungua sakafu ya juu, alisema, iko siku bafu litashuka lenyewe. Wakili aliyemwendea akasema sakafu ya mtu ni mali yake. Akikataa, njia ni kushtaki.

"Itachukua muda gani?"

Wakili akatazama mafaili yaliyojaa rafu. "Mama ana umri gani?"

Fundi alirudi kwa Baba Pacha mpaka wakaacha kumfungulia. Alikuja na kwako. Aliomba kikao cha wakazi, ukamwambia "tutaona," huku ukishikilia mlango kwa mguu.

Nyumbani mama alikuwa ameshafunga nguo zake. "Tunahama lini?"

"Bado, mama."

"Bado ya leo, au bado ya siku zote?"

Fundi akakanyaga cherehani ili asijibu.

Kisha Mwalimu akapata wanunuzi wengine, mume na mke, mke ana mimba kubwa. Fundi alimkuta anapaka dari rangi tena. "Ungekuwa mimi ungefanyaje, mwanangu? Nami nimekwama." Alisema kweli, na kweli hiyo haikumsaidia yeyote.

Leo Fundi amewasubiri getini akawaambia yote. Mume akamsikiliza, akatabasamu kwa huruma. "Wewe ndiye yule dada aliyeikosa? Tumeambiwa una wivu." Wakampita.

Sasa hivi wako ndani. Maji yamefungwa, nawe umesikia bomba likigongwa. Mke anaonyesha mahali pa kitanda cha mtoto, chini ya nondo zile. Wewe unakaa hapa, fleti hiyo huitaki. Hawana la kukusingizia. Acha kusoma. Shuka, uwaambie, na Mwalimu akiwa amesimama hapo hapo anasikia.