Kikwembe cha Mama Marthe

Mwaka ule wa hamsini na tisa, duka moja tu lilikuwa likiuza vikwembe, vitenge vya wanawake, hapa Baraka, na ukinunua kitu kibaya hukuwa na pa kwenda kukisemea. Mwenye duka alikaa mjini Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Sisi tulimjua kwa jina la Patroni tu. Uso wake ulikuwa uso wa karani wake, Bonaventure, kijana wa kwetu aliyevaa soksi ndefu na kusema "Patroni amesema" kama katekista asemavyo "Bwana amenena".

Ndugu yangu Norbert, mtoto wa baba mdogo, alinunua pale kikwembe cha buluu chenye maua meupe. Hakikuwa cha mchumba wake, Adolphine wa Lubondja. Kilikuwa nguo ya mama. Kwetu mbuzi huenda kwa baba wa msichana, lakini nguo huenda kwa mama yake, na nguo hiyo ndiyo inayofunga maneno. Mbuzi wakifa, hakuna neno. Nguo ikirudi kwa aliyeitoa, ndoa imerudi nayo. Na mkwe hamtazami mama mkwe. Norbert akimwona Mama Marthe, mama wa Adolphine, anakuja njiani, aliingia katikati ya mihogo mpaka apite.

Dukani kitambaa kilikuwa kigumu, kikilia kama jani kavu la mgomba. Tulikipiga kwa kiganja tukasema: hii ndiyo nguo.

Mama Marthe alikivaa kwa mara ya kwanza Jumapili moja ya Februari, kwenda misa. Watu walipotoka, mvua ilimkuta katikati ya uwanja, na wenzake wamejibanza chini ya upenu wa kanisa wanatazama. Ugumu wote ule ulikuwa uji wa muhogo. Uji ukayeyuka. Rangi ikamshuka miguuni mpaka madimbwi yakawa buluu, na kikwembe kikabaki wavu wa dagaa, kimemgandama, kinamwonyesha mama wa watu kama alivyozaliwa. Bibi mmoja alimkimbilia na mkeka. Lakini wasichana wa Lubondja hawana huruma. Kabla ya jioni wimbo ulikuwa tayari:

*Mukwe wa Baraka kamvika mama maji,*
*maji yameshuka, mama kabaki.*

Mtu asiyeruhusiwa kutazama hata nyayo zake, yeye ndiye aliyemvua nguo mbele ya parokia nzima. Hivyo ndivyo walivyosema, na utawajibu nini?

Baba yake Adolphine, mzee Alphonse, ni mtu wa haki. Alituma ujumbe: mkwe alete kikwembe kingine, kizuri, maneno yaishe. Basi. Lakini Norbert hakuwa na kitu. Pamba ilikuwa bado shambani, na pamba huuzwa kiangazi. Akaenda dukani, na mimi nyuma yake.

"Leta nguo niione," Bonaventure akasema.

"Nguo iko kwa mama mukwe wangu."

"Basi mulete mama." Watu wakacheka.

"Bonaventure, we ni mutoto wa hapa. Unajua ile nguo haitoke kule."

"Mi ni mutoto wa hapa, lakini duka si ya hapa. Patroni amesema: bila mali mbele ya macho, hakuna kubadilisha. Leta nguo, tuione, tutamaliza. Mbele ya hawa batu nasema."

Shangazi yetu Pulchérie ndiye aliyekuwa mjumbe wa posa ile. Norbert alipomwambia aende kuichukua nguo, aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea muhogo.

"Norbert, uliona wapi muntu anatumwa kumutoa mama nguo?"

"Si kumutoa, shangazi. Iende ionekane, ingine irudi. Utamueleza."

"Nitamueleza. Lakini mukono wangu utakuwa umeshika nguo. Mukono na kinywa, watasikia gani?"

"Haki ni yangu! Nimeibiwa! Sasa ninyamaze, niwe mukwe wa maji mpaka kufa?"

"Hasira yako iko na macho," shangazi akasema, "lakini haina masikio." Alifunga kitambaa chake cha kichwa akapanda Lubondja.

Alirudi na nguo imekunjwa ndani ya jani la mgomba. Alieleza yote, alisema, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama Marthe aliingia ndani akaitoa. "Alinipa kwa mikono miwili," shangazi akasema, "kama mutu anatoa mutoto amekufa."

Tulipofika dukani tulikuta pamejaa. Patroni alikuwa ameacha pale redio ya betri, na tangu Januari, tangu habari za watu kuuawa Leopoldville, wanaume walikuja kuisikiliza hata kama hawanunui kiberiti. Siku hiyo walikuwapo wavuvi wa Lweba, na Sebasaza, mchungaji wa Bibokoboko, aliyeshuka kutafuta chumvi ya ng'ombe wake.

"Mufalme wa Ubeleji amesema dipanda itakuja, uhuru wetu," mvuvi mmoja akasema.

"Lini?"

"Amesema bila kukawia vibaya, na bila haraka mbaya."

"Hiyo ni lini?"

"Iko katikati."

"Katikati ya kukawia na haraka," Sebasaza akasema, "ni hapa tunakaa tangu nizaliwe. Mi naomba kwanza chumvi bila muchanga. Ng'ombe zangu zinalamba, halafu zinaniangalia. Zinafikiri ni mi mwizi."

Kicheko kilipasuka. Bonaventure akapunguza sauti ya redio. "Polepole, bazee. Redio ya Patroni haipende siasa."

Norbert akaweka jani la mgomba juu ya meza, akalifungua. Kicheko kikafa. Kitambaa kilikuwa rangi ya majivu, ukikiinua unaona mlango upande wa pili. Bonaventure alikishika kwa vidole viwili.

"Imefuliwa."

"Imenyeshewa!"

"Maji ni maji. Kitu kimeingia maji hakirudi. Patroni amesema."

"Ulisema mbele ya batu nilete uone!"

"Nilisema nitaona. Nimeona."

"Na nitajua namna gani kama ni mbaya, bila kuifua?"

Bonaventure alitazama soksi zake. Nafikiri aliona haya, lakini haya ya karani haibadilishi kikwembe.

Hapo Norbert alisimama wima. Mimi najua kupanga maneno, nimejifundisha mwenyewe, lakini siku ile sikuwa na neno la kumwongezea. "Hii pamba ni yangu!" alisema. "Nililima kwa lazima, moniteri wa serikali anasimama nyuma yangu kama mimi ni punda. Muliichukua nyeupe, nzito, mukaipeleka kwenu. Mumenirudishia nini? Uji na maji ya buluu! Na sasa redio inaniambia dipanda itatoka kule kule kunatoka hii nguo? Sawa. Ikifika, nitaianika kwenye mvua kwanza. Ndiyo nitaamini."

Hakuna aliyepiga makofi. Mvuvi mmoja alichungulia barabarani kuona kama yupo polisi. Sebasaza peke yake alisema, "Kweli," akachukua chumvi yake yenye mchanga, kwa maana ng'ombe hawawezi kukaa bila chumvi.

"Patroni iko Usumbura," Bonaventure akasema kwa sauti ya chini. "Ama panda Fizi, kwa bureau ya serikali."

Norbert akapanda Fizi, na ile nguo kwapani. Alikaa barazani tangu asubuhi. Mchana mtu mmoja akatoka, akamsikiliza nusu, akamwambia mambo ya nguo ya mkwe ni ya kimila. Na zaidi ya hapo, siku hizi mtu anayepiga kelele za bidhaa anatafuta fujo kama zile za Leopoldville, afadhali arudi kwake upesi. Akarudi.

Mbuzi wake wa mahari walikuwa wamekwisha kurudishwa. Walifungwa kwenye mpapai wa nyumba yake, mmoja anakula majani ya maharagwe, na mzee Alphonse amesimama pembeni na fimbo yake. Adolphine alikuwa bado ameshika kamba ya mbuzi wa mwisho. Baba yake ndiye aliyemwamuru awalete; hiyo nayo ni desturi.

"Baba," Norbert akasema, "nguo iko hapa. Sikuichukua kabisa. Naileta."

"Mwanangu, mi sina hasira. Nilikuomba uongeze. We ulitoa. Ungesema 'sina', ningengoja pamba."

"Karani alisema lazima aione!"

"Karani ndiye anaoa?"

Norbert akamnyooshea ile nguo. Mzee alirudi hatua nyuma, mikono mgongoni. "Bibi yangu hawezi kuvaa nguo ya muntu mwingine," akasema.

Norbert akamgeukia msichana. "Adolphine. We unajua moyo wangu."

Adolphine alifunga kamba kwenye mpapai, akalikaza fundo. Alikuwa amelia, lakini si wakati ule. "Mi nilimuona mama yangu pale kanisani," akasema. "We hukumuona."

Wakashika njia ya Lubondja. Shangazi Pulchérie alikaa mlangoni, kiganja shavuni. Hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Jumatatu moniteri alipita akipiga filimbi: palizi ya pamba, asiyefika atalala gerezani. Norbert akachukua jembe, nami nikachukua langu. Njia yetu inapita mbele ya duka. Bonaventure alikuwa ametundika mlangoni kitambaa kipya kilichofika kwa mashua kutoka Usumbura, buluu ile ile, maua yale yale, na bamama wawili walikuwa wanakipiga kwa kiganja.

"Sikia inavyolia," mmoja akasema. "Hii ndiyo nguo."

Norbert akasimama. Alifungua kinywa kuwaambia. Nilimwona akitazama viuno vyao, vikwembe vilivyotiwa viraka juu ya viraka, Pasaka inakuja, na duka ni moja. Akafunga kinywa. Tukaenda kwenye pamba.