Masikio ya Bosi

Binti yao walimpachika jina la Bosi, kwa kuwa tangu ajue kukaa alikuwa akiamuru kwa kidole: maji yale, kiatu kile, nibebe. Neno hata moja hatoi. Alipotimiza miaka mitatu, mama yake, fundi cherehani, alifunga duka asubuhi moja akampeleka kliniki ya masikio.

Mpimaji alipoandika jina la mtoto kwenye kompyuta, uso ukambadilika.

"Mama, huyu tulishampima. Alikuwa na miezi minane."

"Mmemchanganya na mwingine."

Akamgeuzia faili. Masikio yote mawili hayasikii vizuri. Arudi ndani ya mwezi mmoja avalishwe vifaa vya kusikia, aanze masomo ya kuongea pamoja na mzazi. Chini palikuwa na sahihi ya mumewe, yenye ule mkia mrefu. Miezi minane: ndipo fundi alipolazwa wiki mbili kwa nimonia, mtoto akabaki na baba yake.

"Bado anaweza kujifunza," mpimaji alisema kwa upole. "Ila tungeanza wakati ule..."

Fundi alimkuta mumewe karakanani, akipiga randa mbao za kitanda. Salamu hakutoa.

"Baba Bosi, ulijua?"

Randa ikasimama. Hakuuliza alijua nini.

"Ulikuwa mgonjwa, mke wangu. Nikasema upone kwanza."

"Nilipona."

"Halafu nikakuona umemweka kando ya cherehani, unamwimbia, umefurahi kweli. Ulimi ukawa mzito. Nikasema kesho, kesho... Nikajipa moyo pengine wamekosea."

"Miaka miwili na ushee unaniangalia namwimbia mtoto asiyenisikia? Mama yako aliposema mtoto hasemi kwa sababu namdekeza, ulikuwa umekaa palepale. Unakula."

Seremala akajifuta uso, vumbi la mbao likachanganyika na machozi. Siku nyingine fundi angemfuta mwenyewe kwa ncha ya kanga. Siku hiyo alimbeba mtoto mgongoni akaondoka.

Bosi alipovalishwa vifaa, mlio wa cherehani ulimtimua hadi chini ya meza. Baadaye akatoka kidogo kidogo, akaiwekea cherehani kiganja. Kila Jumanne wakawa kwa mwalimu wa matamshi.

"Usikimbilie kumpa anachoonyesha," mwalimu alimfundisha mama. "Kitaje, kisha ngoja. Mpe nafasi."

Basi dukani ikawa kutaja tu: uzi, mkasi, kifungo. Na kungoja. Mume aliomba naye aje masomoni. Fundi alimruhusu kwa ajili ya mtoto. Akawa anakaa kiti cha mlangoni.

Mwezi wa tano wa masomo, Bosi akicheza na baba yake uani, aliukodolea macho mpira ulioshikiliwa juu, akatamka, "Pila!"

"Mama Bosi! Amesema! Amesema mpira!"

Fundi alikuwa amesikia dirishani. Alitoka mbio, akamnyakua, akamwambia aseme tena, akambusu mashavu hadi mtoto akamsukuma. Alipoinua macho, mumewe alikuwa akitabasamu, anangoja wafurahi pamoja.

"Angelisema zamani," akamwambia, akaingia na mtoto ndani.

Wangali nyumba moja. Bosi sasa anaunga sentensi, tena ni mbishi hasa. Ila seremala akisema nje mvua inanyesha, mkewe huchungulia dirishani kwanza.