Ng'ombe Kwenye Kioo cha Mohsin

Mzee Mayala wa Tinde alikuwa na majivuno mengi, ila moja lilizidi yote. Alisema hajawahi kumwona ng'ombe akamsahau. Sura za watu zilimpotea, majina ya wajukuu aliyachanganya, lakini ng'ombe akishamtia machoni ndiyo basi. Miaka sabini hiyo, na miwani alikataa katakata. Ukimwambia avae, alikuuliza kama umewahi kuona mchungaji mwenye miwani.

Jumapili hiyo alasiri alikaa sebuleni kwa Mohsin, mwenye duka la vitambaa, ambaye familia zao zilijuana tangu enzi za pamba. Kaka yake Mohsin alikuwa ametuma shehena kutoka Dubai: televisheni pana kama meza, spika tano, na sanduku jeusi zito waliloliita risiva, ambalo deki, spika na televisheni vyote vilipita humo. Theonest, fundi kutoka Shinyanga mjini, alikuwa akihangaika na nyaya tangu asubuhi, jenereta likinguruma uani.

Kando ya Mayala alikaa mkwe wake, Januari wa Segese, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mwaka uliopita Mabula, mtoto wa Januari, alimwoa Limi, kitinda mimba wa Mayala, na sasa Limi alikuwa na mimba ya miezi saba. Sherehe kubwa ilifanyika Segese. Mayala hakwenda, maana kwa desturi ya ukoo wake baba hamfuati binti yake kwenye karamu ya ukweni. Kaseti ya video ikabaki kwa Januari mwaka mzima bila deki ya kuichezea. Mohsin ndiye aliyesema, "Njooni wazee wangu, leo mtaiona harusi yenu kwa raha zote."

Raha yenyewe ilianza na vituko. Kwenye kioo nyuso za watu zilikuwa nyekundu kama nyanya, shela ya Limi ya rangi ya waridi, hata vumbi la Segese liliwaka.

"Bosi, rangi imezidi," Theonest alisema, kidole kwenye rimoti. "Nipunguze kidogo."

"Usiguse," Mohsin akamkatalia. "Kaka ametuma rangi kutoka Dubai, kwa nini zibaki ndani ya sanduku?"

Anar, mkewe, aliyekuwa akigawa chai, alitikisa kichwa. Theonest akaweka rimoti chini, mwenye mali ndiye mwenye macho.

Wachezaji waliingia na ngoma. Nyuma yao ulionekana ua wa Januari, banda la nyasi lililojaa giza, na mbele ya banda hilo ng'ombe amefungwa kwenye mti. Mayala aliweka kikombe chini. Chai ikamwagika kwenye zulia la Anar, wala hakuiona.

"Simamisha hapo," alisema.

Theonest akaisimamisha picha. Ilikuwa ikitetemeka kidogo, lakini ng'ombe alionekana: mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji.

"Huyu ni ng'ombe wangu."

Siku tatu kabla ya harusi, Mayala alivunjiwa zizi usiku, ng'ombe wake akaibwa. Alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe, wa mwisho katika uzao wa ng'ombe alioachiwa na mama yake. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walifuata nyayo siku mbili bila kupata kitu. Mayala hakula vizuri mwezi mzima. Watu walisema angemlilia mkewe kidogo kuliko vile.

Sasa alisimama, akamgeukia mkwe wake. "Baba Mabula. Nimekupa binti yangu. Wewe ukawalisha wageni ng'ombe wangu?"

Januari alinyoosha kidole kwenye kioo. "Mkwe, yule ni wangu. Nilimnunua mnadani. Tena si mwekundu, ni wa kijivu."

"Kijivu? Mimi nimezaliwa zizini, halafu wewe unifundishe rangi ya ng'ombe?"

"Mzee Mayala, kaa kwanza," Mohsin alisihi.

Hakukaa. Hasira hasara, lakini nani angemwambia? Alitoka hadi barazani, ambako majirani walikuwa wamejazana dirishani wakichungulia televisheni, akamtuma mmoja wao amwite kamanda wa sungusungu. Kisha akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Aliyemwiba ng'ombe wangu, hata awe nani, nitamkabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikimficha, ardhi isinipokee."

Kiapo hicho hakisemwi ovyo kwetu. Kila mtu alijua kitakachofuata kama Januari ni mwizi. Atatengwa. Hakuna atakayempa moto wala maji, hakuna atakayemzika mtu wake. Limi atarudishwa kwa baba yake na mimba yake, na ng'ombe wa mahari watarudi Segese. Januari alikaa pale pale kwenye kochi, mikono katikati ya magoti, jasho likimtoka.

Theonest ndiye aliyeokoa jahazi. "Wazee, kabla kamanda hajafika, naomba nirekebishe rangi. Picha hii inadanganya."

Safari hii Mohsin hakubisha. Fundi akabonyeza rimoti, na maandishi ya kijani yakatokea juu ya picha pamoja na mstari mrefu. Kila alipobonyeza, mstari ulipungua. Nyuso zikaacha wekundu na kurudi nyuso za watu. Shela ya Limi ikawa nyeupe. Na ng'ombe aliyefungwa mtini, mbele ya macho ya Mayala, akabadilika polepole kutoka mwekundu hadi kahawia, kutoka kahawia hadi kijivu cha majivu.

Mayala alishika ukuta. Maisha yake yote hajawahi kukosea ng'ombe, na leo amekosea mbele ya nusu ya Tinde, na juu ya kosa hilo amemwita mkwewe mwizi. Mtu mwingine angeomba radhi hapo hapo. Yeye alikuwa Mayala.

"Ongeza mwanga," alisema. "Nione baka vizuri."

Mstari wa kijani ukarudi, safari hii ukirefuka. Baka la ng'ombe wa kijivu lilikuwa tope tu. Lakini mwanga ulipozidi kupanda, giza la ndani ya banda nalo likaanza kufunguka. Kwanza yakaonekana matete ya ukuta. Halafu pembe. Halafu ng'ombe mwingine, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji na sikio la kushoto lililochanwa na fisi akiwa ndama. Mayala alimjua kabla sikio halijatokea.

Kando ya ng'ombe huyo alisimama mchinjaji, akipokea kamba kutoka kwa kijana mrefu. Theonest akaongeza mwanga tena kidogo, na uso wa kijana ukatokea.

Alikuwa Onesmo, mtoto wa kiume wa Mayala, mchimbaji wa dhahabu huko Geita. Onesmo aliyewaongoza sungusungu siku zile mbili, akaapa kuwa nyayo zimeelekea Nzega. Onesmo aliyesema hawezi kuja harusini, anawahi machimboni.

Anar alifunika mdomo kwa mtandio. Mayala alitazama uso ule hadi macho yakamwuma, akitafuta kosa, akiomba rangi imdanganye tena. Haikumdanganya. Kwa mara ya kwanza katika uzee wake aliogopa kweli kweli.

"Punguza," alinong'ona. "Fundi, punguza mwanga."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Theonest akabonyeza, na banda likameza kijana, kamba na ng'ombe. Dirishani majirani walikuwa mbali, huenda hawakuona. Waliokuwa sebuleni ni wanne tu mbali na yeye.

Januari alijifuta jasho, akainuka, akasimama karibu na mkwe wake. "Baba Limi," alisema taratibu, "mimi sikuona kitu mle bandani. Nyama nilinunua kwa mchinjaji, alikoitoa sikuuliza. Na mjukuu wetu yuko njiani."

Hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana maneno yalimchoma Mayala kuliko tusi. Mtu ambaye yeye alitaka atengwe nusu saa iliyopita, kwa ushahidi wa rangi mbovu, sasa alikuwa akimfunikia aibu yake bila kuombwa.

Mlango ukabishwa. Kamanda wa sungusungu aliingia na fimbo yake, akawasalimu wazee shikamoo, akatazama huku na huku.

"Nimeambiwa mwizi wa ng'ombe amepatikana."

"Hapana, kamanda," Januari aliwahi. "Ni kioo tu, rangi zilikuwa zimeharibika. Mkwe wangu alidhani—"

"Baba Mabula, nisamehe," Mayala alisema. Aliutafuta mkono wa Januari, akaushika, na hakuuachia. Machozi yalikuwa yakimshuka, naye hakujificha. "Keti, kamanda. Fundi, rudisha mwanga."